Dirisha la Baba na Faili la Bima

Jumatatu, 4 Machi
Nimepiga simu bima. Binti wa mapokezi amesema madai yangu yamefungwa: dari imelipwa, basi. Dari! Nani anaililia dari? Dirisha je? Dirisha la mbao alilochonga baba, kitu pekee tulichookoa kwetu tulipohama. Nililibeba mgongoni kama mgonjwa. Mvua ileile iliyopenya darini imelivimbisha. Halifunguki. Sijausikia tena mlio wake, ule uliotuamsha utotoni kabla ya jogoo. Seremala anasema mvua nyingine moja tu, litakuwa kuni.

Mbona mkaguzi hakuliona mara ya kwanza? Nilitundika pazia jipya. Mgeni anakuja, utamwonyesha kuvu?

Jumanne, 5 Machi
Jirani yetu, tunayemwita Jenerali ingawa hajawahi kushika hata manati, alifunguliwa upya madai yake ya ukuta. Anatamba ng'ambo ya ua. Ameniasa: mzee mwenzangu, usiguse kitu, uchafu ndio shahidi wako. Nimemshukuru shingo upande. Mimi nina mbinu bora: koti lililochanika, na kikohozi. Mke wangu ameuliza tangu lini bima ya nyumba ikalipa kikohozi.

Jioni nimepiga simu tena, na bima wamekubali kuyafungua upya madai yangu. Mkaguzi atarudi Ijumaa. Ushindi!

Alhamisi, 7 Machi
Nimefuta kuvu. Kidogo tu. Kisha doa la ukutani likanikodolea macho, nikalipaka rangi. Mama alikuwa akipaka chokaa hata akija mtoza kodi! Fremu nayo nimeipiga msasa, nikaipaka mafuta. Harufu ya mbao ikanirudisha kwetu: baba na randa yake, sisi tukichezea maranda miguuni pake. Nimekaa pale hadi chai ikapoa. Chumba kimependeza.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Mkaguzi amelisifu dirisha, kisha akauliza lililoharibika liko wapi. Nikamwambia ndilo hilo. Akalisukuma, likagoma, akasema labda ni rangi haijakauka. Nikakohoa. Akanishauri niende hospitali. Aliyeniokoa ni mke wangu: alimweleza yote, pazia na rangi, huku akicheka hadi machozi. Mkaguzi naye akacheka. Atarudi Jumatatu na kipimo cha unyevu, pamoja na mkuu wake. Mara ya mwisho. Akaniomba: usiguse chochote, babu, tafadhali.

Jumapili, 10 Machi
Nimeapa. Sigusi. Mke wangu ameficha brashi, nami nimemshukuru. Mawingu yametanda. Nimeegemeza sikio kwenye mbao, nikaukumbuka ule mlio.

Lakini mkuu wake! Mtu na cheo chake aingie kwenye chumba chenye unyevu kama kisima, atoke na mafua? Kwetu haikuwa hivyo.

Jenerali ameniazima hita. Imewaka tangu mchana. Sijagusa kitu! Ukuta unakauka vizuri ajabu.