Ufa Umelala

"Idara ya Utulivu wa Ardhi ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia leo, nyufa zote za mji huu zimelala. Wananchi wanaombwa wasizisumbue."

Mkurugenzi alilisoma tangazo lake mara ya pili, akalipenda zaidi. Mji wenyewe ulikaa juu ya ufa mkubwa wa ardhi, na kila ulipotikisika, nyufa mpya zilichomoza kwenye kuta na barabara. Zamani mafundi wa idara walibandika kipande cha kioo juu ya kila ufa, kiwe kipimo. Ardhi ikisogea, kioo kinakatika. Kioo kikikatika, mwenye nyumba anahamia kwa ndugu wa karibu mpaka serikali imjengee. Utaratibu ulikwenda vizuri, hadi kilipokatika kioo cha mama mkwe wa Mkurugenzi.

Ndugu wa karibu alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Mtu mzima na heshima zake, aliyezoea kula kifua wazi, miguu juu ya meza, angeishije na mkwe sebuleni? Alijifungia ofisini, akatafakari maslahi ya taifa, akatoka na Kanuni Mpya: vioo viondolewe, vibandikwe vipande vya mpira.

"Lakini mzee," fundi akasema, "mpira haukatiki. Unavutika tu."

"Umenielewa. Huo ndio ustahimilivu."

Mama mkwe akaja ofisini, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ule ufa sasa mkono wangu unapita. Naogopa, mwanangu."

"Kipimo kimekatika?"

"Kimevutika tu."

"Basi ufa umelala, mama."

Mama akaenda kusimamisha turubai uwanjani pamoja na majirani. Mkurugenzi aliona aibu kidogo, lakini jioni alikula kifua wazi.

Jumamosi moja, wakati wa chakula cha mchana, ardhi ikajinyoosha. Ufa ukapita katikati ya sebule ya Mkurugenzi: kiti chake upande huu, meza upande ule. Akampigia simu waziri, akaomba kuhama. Kwa mara ya kwanza katika historia ya serikali, jibu lilikuja siku hiyohiyo: Kanuni ifuatwe. Fundi akafika, akabandika mpira, wakasubiri. Ardhi ikatikisika tena. Mpira ukavutika, ukavutika, ukashikilia.

"Hongera, mzee," fundi akasema. "Ustahimilivu."

Mke wa Mkurugenzi alikuwa ameshafunga mizigo. "Mimi si mpira, baba watoto," akasema, akaenda kwa mama yake.

Nyumba ilipotikisika mara nyingine, ujasiri wa Mkurugenzi ukamwishia. Jua likizama, alikuwa amesimama mbele ya turubai, mto kwapani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kipimo kimekatika?"

Mkurugenzi akatazama viatu vyake. "Hakijakatika, mama."

Ndani, mkewe akaangua kicheko.

"Basi ufa umelala," mama mkwe akasema kwa upole. "Rudi nyumbani, baba. Ila huo mto uache, huku mito haitoshi."