Nchi Kavu Haina Mwenyekiti

Haya nilisimuliwa na shangazi yangu Geesje, majira ya kuchimba viazi, mwaka ule alipouza ng'ombe wake wa mwisho. Shangazi hakuwa mwongo, ila ukimuuliza umri.

Walipofika Michigan kutoka Uholanzi, kundi zima lilijibanza kwenye ghala la watu, huku kiongozi wao, Mchungaji Hilbrand Terpsma, akizunguka kutafuta ardhi ya makazi mapya. Baridi ilikuwa inakaribia. Siku aliporudi alipanda juu ya pipa la samaki, akatangaza:

"Ndugu wapendwa! Baada ya upembuzi yakinifu, uongozi umejiridhisha kwamba nchi hii ina kasoro kubwa. Ni kavu."

Aaltje Bolhuis, mjane mwenye watoto watano na ng'ombe mmoja, akauliza, "Ukavu ndio kasoro, Mchungaji?"

"Bi Aaltje, fikiri. Nyumbani tulikuwa na bahari inayotaka kutuzamisha. Ndiyo maana tukawa na matuta ya kuzuia maji. Ndiyo maana tukawa na Halmashauri ya Maji. Ndiyo maana tukawa na mwenyekiti. Hapa, bila maji, nani atakuwa mwenyekiti?"

Hoja ilikuwa nzito. Wakanunua kinamasi. Aliyewauzia alilia kwa furaha, na Mchungaji akawaambia wameona wenyewe jinsi walivyopokewa kwa upendo.

Kinamasi kile kilikuwa na vyura, mbu, na kilima kimoja kikavu. Kilima alipewa Mchungaji, kwa kuwa mwenyekiti mtarajiwa sharti ayaone maji kwa ujumla wake. Bi Aaltje alipewa bondeni kabisa, "eneo la kimkakati."

Akapanda kilimani na matope mpaka kiunoni. "Mchungaji, ng'ombe wangu amezama mpaka tumboni."

"Maoni yako yamepokelewa."

"Sijatoa maoni. Nasema ng'ombe anazama! Akifa, wanangu watakunywa nini baridi hii, ajenda?"

"Litajadiliwa kikao cha kwanza."

Kikao kilifanyika kilimani, maana kwingine viti vilikuwa vinaelea. Mchungaji akasoma kwa sauti kanuni walizokuja nazo kutoka nyumbani, zile za tangu enzi za mababu: kura ni ya mwenye ardhi inayofunikwa na maji, maji mengi, kura nyingi, mwenye ardhi kavu hana kura wala kiti.

Roelof, babake shangazi, alikuwa ameshapita na ufito kupima kina cha maji kila kiwanja.

"Kwako, Mchungaji, ufito umetoka na vumbi."

"Na kwa Bi Aaltje?"

"Kwa Bi Aaltje ufito haukutoka."

Watu wakamgeukia mjane. Mchungaji akabadilika rangi. "Lakini ni mwanamke!"

"Kanuni inasema maji," Roelof akajibu, "haisemi suruali."

Bi Aaltje akakaa kwenye kiti cha mbele, viatu vyake vya mbao vikichuruzika. "Mwenyekiti anaruhusiwa kufukuza watu?" akauliza kwa upole.

Mchungaji akamvuta pembeni. "Dada yangu katika Bwana, tubadilishane viwanja."

"Niache eneo la kimkakati? Wee! Uongozi ni kujitoa, Mchungaji, si ulituhubiria mwenyewe?"

"Nakuachia na nyumba."

"Na jiko?"

"Na jiko."

"Na supu ya njegere iliyo jikoni?"

Mchungaji akafumba macho. "Na supu."

Mchana uleule wanaume wakamvuta ng'ombe kwa kamba mpaka kilimani, na Mchungaji akateremka bondeni amebeba kiti chake kichwani. Jua lilipozama, kule juu walikuwa wameshashiba na kulala, watoto, mama na ng'ombe. Kule chini Mchungaji alifungua kikao, akajipongeza kwa kuchaguliwa bila kupingwa, akauliza kama kuna mjumbe mwenye hoja.

Chura mmoja akalia.

"Subiri zamu yako," akasema Mwenyekiti, na akasinzia palepale kitini, maji magotini, mpaka usingizi ukamchukua.