Vifuniko vya Vibuyu

Jumatatu, 6 Hamle
Mvua tena. Ghala langu la Vyombo vya Nyumbani hapa makumbusho linavuja na vibuyu vya maziwa vimeanza kuota ukungu. Mkurugenzi ametangaza kwamba chumba kipya, kikavu, chenye madirisha, atapewa msimamizi mwenye vitu vingi zaidi. Asnakech, msimamizi wa Ususi, katabasamu. Ana vikapu mpaka darini. Tutaona.

Jumanne, 7 Hamle
Nimepata! Siku zote tumeandika kibuyu na kifuniko chake kuwa kitu kimoja. Kwa nini? Kifuniko kinatoka, kinakaa peke yake. Nimevivua vibuyu vyote, kila kifuniko nikakipa namba yake. Mkurugenzi kakubali, eti nina jicho la kitaalamu. Asnakech aliniuliza tu kama nina hakika. Hakika kabisa, nikamjibu.

Alhamisi, 9 Hamle
Mwanamke huyu! Kamwendea Mkurugenzi na hoja yake: kama kifuniko ni kitu cha peke yake, basi kimesukwa kwa nyasi, na kilichosukwa ni chake. Alasiri kaja na toroli, kavisomba vyote. Chumba kapewa yeye. Nimebaki na vibuyu vilivyoachama, matone yakiingia ndani.

Ijumaa, 10 Hamle
Siku mbaya. Mama Dinke wa Limmu, aliyeipa makumbusho vibuyu vya ukoo wake, kaja bila taarifa kutazama cha marehemu mama yake. Akakiinamia, akanusa. Zamani kilinukia moshi wa mzeituni wa kufukizia vibuyu. Sasa ukungu mtupu. Kifuniko kiko wapi? Nikasema kinasafishwa. Akasema atangoja, akaketi. Mkurugenzi alipofika, mama akamweleza kwa upole kwamba kisipoonekana, vibuyu vyake vyote vinarudi nyumbani leo. Gari liko nje.

Nikakimbilia kwa Asnakech. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Tulibeba vifuniko kwa makarai, tukajaribu kimoja baada ya kingine mbele ya mama. Kikubwa. Kidogo. Kinacheza. Mkurugenzi hakukaa wala hakuondoka. Karai la mwisho lilikuwa karibu tupu kimoja kilipozama shingoni chenyewe, bila kusukumwa.

Mama Dinke akakipakata kibuyu.

"Mama yangu alikuwa akikama huku kifuniko kakibana kwapani, kisishike vumbi," akasema. "Nani kavitenganisha?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikatazama sakafu.

"Tulikuwa tunapanga, mama," akasema Asnakech. "Tumekosea."

Tumekosea! Angeweza kunitaja.

Jumatatu, 13 Hamle
Mkurugenzi kaamua: vifuniko virudi kwenye vibuyu, na vibuyu vihamie mahali pakavu, yaani kwa Asnakech. Mimi nibaki na vinu na paa langu linalovuja. Asnakech kaniita chumbani kwake kupya, kanimiminia kahawa, kasema, "Bwana Negasa, yaishe." Nimemshukuru kwa dhati, machozi yakinilenga. Ni mtu mwema kuliko nilivyodhani.

Nikiwa nakunywa, nimevitazama vibuyu rafuni pake. Kila kimoja kina mkanda wa ngozi wa kubebea. Kila kimoja! Na ngozi haina msimamizi hapa. Hajaidai mtu.

Kesho nakuja mapema, na wembe.