Mbigili Kwenye Ukoka wa Baba Evodia

Jumapili, 16 Februari

Leo baada ya misa mke wangu Edina kasimama mbele ya jumuiya na kutangaza: Jumamosi ijayo sala ni kwetu, na paroko atakuja kubariki nyumba. Miaka tisa tumekuwa wapangaji hapa Kizota. Kila zamu ikitufikia, Edina alisema chumba ni kidogo, turukwe. Sasa tuna nyumba yetu, na mbele yake ukoka nilioupanda kwa mikono yangu. Nilimwona anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Nikaona na mimi nichangie. Nikasimama, nikasema watu wasihangaike na viti, watakaa kwenye ukoka, na viatu waviache getini. Nilisema hivyo kwa sababu Tumsifu alikuwa ananitazama. Tumsifu ni mwenyekiti wa jumuiya na jirani yetu. Ukoka wake hata kuku wanaukanyaga kwa adabu.

Jioni nimekagua wa kwangu. Kuna kitu kinatambaa, kimelala chini kabisa, kina vimaua vya njano. Nilidhani ni pambo. Nikakaa juu yake.

Ni mbigili.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu: dharura ya kifamilia. Mimi ni afisa masjala, mambo yangu ni ya mpangilio, kwa hiyo nimefungua jalada. Hatua ya kwanza: kung'oa kwa mkono. Edina alisema nivae glovu. Nikamwambia babu yangu kule Tukuyu hakuwahi kuvaa glovu. Akasema Tukuyu hakuna mbigili.

Kufikia saa nne: mashina kumi na manne, na vidole vyote vimevimba. Shina linakatikia shingoni, mzizi unabaki chini unanicheka. Jioni Evodia, binti yetu wa darasa la tano, kanitoa miba kwa pini. Kauliza mbona baba analia. Nimesema vumbi.

Hapo hapo kapita mzee Petro na ng'ombe wake. Nikampa shikamoo. Akaangalia ukoka, akaangalia vidole, akasema mbigili hiyo anaifahamu, imetoka zizini kwake. Eti Desemba nilipofuata samadi aliniambia niiache ioze mwaka mzima, maana imejaa mbegu, na mimi nikamjibu nina haraka, nataka kumpita Tumsifu kabla ya Krismasi. Ni kweli nilisema. Lakini mtu mzima hakumbushwi maneno yake mbele ya mtoto.

Ushauri wake: nichimbe kwa jembe, mzizi kwa mzizi, wakati bado mbichi, kabla miba haijakomaa. Nirudie kila mvua ikinyesha. Baada ya misimu miwili itakuwa imekwisha.

Misimu miwili. Mimi nina siku tano.

Jumanne, 18 Februari

Hatua ya pili: dawa. Munira wa duka la pembejeo kaniuliza nataka inayochagua magugu au inayoua kila jani. Nikasema ile kali. Akanieleza tena, polepole, kama anaongea na mgonjwa. Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali, maelekezo nayaelewa.

Nimepuliza bomba zima. Mwishoni nikaongeza kidogo kwa usalama.

Alhamisi, 20 Februari

Mbigili imekufa. Nakiri pia kwamba ukoka umekufa. Uwanja wote ni rangi ya chai ya maziwa. Na mbigili ikifa haiondoki na miba yake. Imekauka, imepukutika, miba imetapakaa kila mahali, migumu kuliko ilivyokuwa hai.

Tumsifu kachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia ni aina mpya ya ukoka, inatoka Arusha. Akasema kwa upole kwamba kama kuna shida, watu wanaweza kusali kwake, halafu paroko avuke tu kuja kubariki. Edina naye akasema tukibanana sebuleni tunatosha, yeye anachotaka ni nyumba ibarikiwe basi. Nimewakatalia wote wawili. Nilishatangaza ukoka.

Mchana nikapata akili. Godoro letu la zamani la sponji! Nimelifunga kamba, Evodia kakaa juu liwe zito, nimelivuta uwanja mzima. Miba imenasa mamia kwa mamia. Evodia alihesabu mpaka mia nne akachoka. Nimeandika kwenye jalada: MAFANIKIO.

Haitoki kwenye godoro, lakini hilo ni suala lingine.

Ijumaa, 21 Februari

Suala lingine limepata jibu. Paroko wetu ni mzee, magoti yake mabovu. Atahitaji kitu laini cha kupigia magoti. Nimeligeuza godoro, upande wa miba chini, nikalitandika shuka jeupe. Wengine watakaa kwenye mikeka ya plastiki. Edina kauliza kama nina uhakika. Kapiga pasi sare yake ya jumuiya mara mbili, anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu tuanze kujenga. Nikamwambia alale bila wasiwasi.

Jumamosi, 22 Februari

Sijui nianzie wapi.

Waumini thelathini na mbili waliacha viatu getini, kama nilivyoagiza mwenyewe. Kutoka getini mpaka kwenye mikeka ni hatua ishirini. Kumbe godoro lilichukua mia nne tu. Hakuna aliyelalamika, maana mtu halalamiki kwenye nyumba inayokwenda kubarikiwa. Walitembea kama wanakanyaga mayai. Mama Loisi, mwenye miaka sabini, alifika kwenye mkeka akasema nyumba ni nzuri, huku jasho linamtoka.

Asubuhi mvua ilinyunya, na shuka la paroko lilikuwa na unyevunyevu. Nilikuwa ndani nachukua ndoo ya maji ya baraka. Tumsifu, kwa wema wake, akaligeuza godoro upande mkavu na kutandika shuka upya.

Paroko akapiga magoti kwa uzito wake wote. Alisema kwa jina la Baba. Kwa Mwana hakufika.

Na jumuiya nzima, ikidhani huo ndio utaratibu, ikapiga magoti pamoja naye.

Tumetoa miba mpaka saa kumi jioni. Paroko alikuwa mpole. Alisema atarudi kubariki Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, magoti yake yakipona. Ndoo ya maji imebaki imejaa. Edina alikaa kizingitini na sare yake, anamtoa Mama Loisi miba kwa pini, kisha muumini mwenzetu Lydia, kisha watoto, bila kuniangalia. Watu walipokwisha kuondoka alisema maneno mawili tu: miaka tisa. Akaingia ndani.

Nimeona aibu. Nimeapa mbele ya jalada hili: kuanzia leo nitasikiliza watu, na mambo ya haraka basi.

Jumamosi, 22 Machi

Habari njema. Tumsifu kaja kwangu mwenyewe, kofia mkononi. Ukoka wake umeota kitu kinachotambaa, kina vimaua vya njano. Siku ile ya sala kila aliyetoka hapa aliondoka na miba, yenye mbegu zake, kwenye pindo la nguo, na nusu yao walipita kwake kunywa maji. Kaniuliza, kwa kuwa mimi nina uzoefu, nimfanyie nini.

Nimemkalisha. Nimemfungulia jalada. Nimemwambia: dawa ile kali, bomba zima, aongeze kidogo kwa usalama. Ikikauka, godoro. Nimemwazima la kwangu. Kanishukuru sana. Tangu nihamie Dodoma sijawahi kushukuriwa hivyo.

Edina amerudi kuongea nami, kwa ufupi. Kanikumbusha paroko anarudi baada ya Pasaka, na kwamba uwanja sasa ni udongo mtupu, tuuache hivyo hivyo, tufagie tu, watu wakae sebuleni.

Lakini mtu hawezi kumkaribisha paroko kwenye udongo mtupu. Nimeshanunua miche ya ukoka. Inahitaji nguvu ya kuiwahisha. Jioni nikamsimamisha mzee Petro, nikamwomba samadi, trela mbili. Akauliza kama nakumbuka alichoniambia Desemba.

Nikamwambia nakumbuka kila neno, lakini nina haraka. Anashusha Jumatatu.