Mashindano Yaliyokosa Tope

Itifaki alifika kijiweni ameshika simu kwa mikono miwili, kama mzee wa kanisa anayepeleka sahani ya sadaka mbele. Akasimama katikati ya watu waliokalia matairi chakavu, akakohoa, akavuta koti lake la kushereheshea harusi.

"Waheshimiwa wanywaji wa kahawa, itifaki imezingatiwa."

"Soma bwana," alisema Plau. "Kahawa inapoa."

"Tangazo kutoka kamati ya maandalizi. Mashindano ya magari ya kupanda tope, yaliyopangwa kufanyika Jumamosi kwenye kilima cha Mtelezo, wilayani Kilolo, yamesimamishwa. Sababu..." Itifaki alisogeza simu karibu na macho, akaiweka mbali, akairudisha. "Sababu ni ukosefu wa tope."

Lori lilipita barabara kuu likipumua breki zake za upepo. Hakuna aliyeligeukia. Hapa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, malori hayakatiki, na mtu akitaka kugeukia kila moja shingo itabaki upande. Wote waligeukia miguu miwili iliyotokeza chini ya Landrova, pale mlangoni mwa gereji.

Miguu ilikuwa ya Marcelino. Ilitulia kidogo, kisha spana ikasikika ikimwangukia mahali penye nyama, kisha Marcelino mwenyewe akatoka akijiburuta kwa mgongo, uso umejaa grisi.

"Rudia. Tope limekosekana wapi?"

"Mtelezo."

"Mtelezo hii hii? Masika haya?"

"Masika haya."

"Mtelezo ambako trekta lilizama likaachwa, mpaka leo watu wanaelekezana nalo? 'Ukifika kwenye trekta, kata kushoto'?"

"Trekta wamelitoa," alisema Evarista, akipuliza mkaa chini ya birika. "Limeonekana kumbe ni jekundu."

Marcelino alikaa chini, juu ya udongo, ingawa tairi lake lilikuwa tupu likimsubiri.

Kwa asiyemjua, huyu Marcelino alikuwa akiishi kwa tope. Kila siku ya gulio, mvua ikinyesha mpaka vyura wanatafuta pa kujificha, Landrova yake ndiyo pekee iliyopanda Mtelezo, imebeba magunia ya viazi, njegere, akina mama na kuku wao. Iliposikika kwamba vijana wa Mbeya na wa Iringa watashindanisha magari kwenye kilima hicho hicho, alijiona ameshashinda. Lakini hakutaka kushinda kwa kubahatisha. Alikwenda Mbeya kwa Gwakisa, fundi na muuza skrepa, akarudi na ekseli mbili za lori la zamani la jeshi. Ni zile zenye gia zake kwenye magurudumu, kiasi kwamba ekseli inakaa juu, tairi linashuka chini, na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haiburuzwi kwenye tope. Akang'oa zake za kiwandani. Akakata, akachomelea, akahamisha springi, akarefusha propela shafti. Kijiwe kizima kilishuhudia Landrova ikipanda juu siku hadi siku kama mtoto anayebalehe, mpaka ikawa wazi kwamba abiria hawataufikia mlango. Akatengeneza ngazi ya mbao. Tangu siku hiyo jina lake likawa Ngazi.

"Mimi nauliza swali moja," alisema Plau. Jina lake la nyumbani ni Kashindye, Msukuma wa Usangu, na hakuna jambo duniani asiloweza kulipima kwa ng'ombe. "Tope haliibiwi. Ng'ombe anaibiwa, tope haliibiwi. Limekwenda wapi?"

"Jana mama kanipigia simu kutoka Mtelezo," alisema Evarista. "Anacheka mpaka anapaliwa. Anasema greda limepita. Nyuma ya greda kokoto. Nyuma ya kokoto, shindilia yenye gurudumu la chuma. Mitaro wamechonga pande zote mbili. Watoto hawakwenda shule, walikuwa wanaiangalia shindilia."

"Miaka yote hiyo tunaomba!" Plau alipiga goti lake. "Nani kaleta greda?"

"Mgeni rasmi."

"Na nani kamleta mgeni rasmi?"

Macho yote yalimhamia Itifaki. Itifaki alifunga kifungo cha koti, ingawa jua lilikuwa limeshachomoza.

"Waheshimiwa, tusilaumiane. Shughuli bila mgeni rasmi ni sawa na msiba."

"Msiba wenyewe siku hizi una mgeni rasmi," alisema Plau. "Juzi tumekaa na marehemu mpaka alasiri tunamsubiri."

"Nilimwalika mkubwa kwa barua ya heshima. Nikamwambia aje ajionee jinsi vijana wanavyopambana na tope."

"Sasa wenye greda waliposikia mkubwa anakuja kuangalia tope," alisema Evarista, "ulidhani watamwonyesha tope?"

Watu walicheka. Itifaki alisubiri kicheko kipungue, kisha akasema polepole, bila sauti ya harusi:

"Nani alisema kikombe kikitolewa na mwenyekiti wa kamati, picha haitapendeza?"

Plau alimtazama Marcelino.

"Nani aliniita kwa jina langu la ubatizo, akasema, 'Abrahamu kaka yangu, nitafutie mtu mwenye jina, anikabidhi kikombe Kilolo nzima ikiona'? Nani alikwenda kununua shati?"

Marcelino aliiokota spana, akaanza kuifuta. Ilikuwa safi, lakini aliendelea kuifuta. Shati lilikuwa nyumbani, limekunjwa vizuri kwenye mfuko wake, jeupe, chaguo la mtu mwenye uhakika kwamba siku ya tope yeye atakuwa juu.

Mara lori moja halikupita. Lilipunguza mwendo, likasimama kando ya kijiwe. Mgongoni lilibeba gari dogo lenye matairi makubwa kuliko bodi yake, limefungwa minyororo kila kona. Gwakisa wa Mbeya akashuka kutoka kwenye kichwa cha lori, kofia nyuma mbele.

"Mwe! Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

"Ngoja kwanza," Plau alinyanyuka, akalizunguka lori lote akiangalia juu. "Hilo ndilo gari la kushinda tope?"

"Ndilo lenyewe, mwamba. Ekseli za lori mbele na nyuma, difu zinafungwa zote."

"Na limebebwa?"

"Kwenye lami linakula matairi. Linatingishika pia."

"Ng'ombe wangu," alisema Plau, akirudi kwenye tairi lake, "nimewatoa Ihefu mpaka Utengule kwa miguu yao, tukafika wakalima. Sijawahi kumbeba ng'ombe mgongoni kumpeleka kazini."

Gwakisa alicheka na wenzake. Alipoelezwa habari ya greda akaacha. Akavua kofia, akatembea mpaka barabarani, akarudi.

"Sasa sikilizeni. Nimetoka Mbeya, sirudi na gari safi. Watu watanionaje? Tope ni nini? Si udongo na maji tu? Udongo upo chini ya kokoto. Maji tunakodi boza. Plau ana ng'ombe, ana plau. Tunakifumua kilima, tunamwaga maji, Jumamosi tunashindana."

"Na Jumapili?" aliuliza Evarista.

"Jumapili tunatubu."

"Mheshimiwa ana hoja," alisema Itifaki, ambaye tayari alikuwa akibonyeza simu. "Kamati wanajibu hapa. Wanasema wao hawana neno, mgeni rasmi atakaa kwenye turubai kule chini. Ila kilima kiko upande wa Iringa. Nahodha wa Iringa akikubali, mashindano yanarudi. Akikataa, basi."

Nahodha wa Iringa alikuwa bado anafuta spana.

"Plau, ng'ombe utatoa?" aliuliza Gwakisa.

"Ng'ombe wangu wamezoea kutengeneza shamba, hawajazoea kuharibu barabara. Lakini ng'ombe hana tabia ya kuuliza. Muulizeni Ngazi."

Marcelino aliitazama Landrova. Alikuwa ameiota Jumamosi hiyo kwa muda mrefu, kila mashine ya kuchomelea ilipotoa cheche: tope mpaka kwenye vioo, injini ikiguna, magurudumu manne yakishika kwa pamoja, halafu kileleni jina lake likitajwa kwenye kipaza sauti. Sasa ekseli zilikuwa zimefungwa, hazijawahi kuonja hata dimbwi. Zaidi ya hapo, kama magari mengine yatapanda Mtelezo, nani atamhitaji yeye na ngazi yake?

Evarista alishika birika. Akamimina kikombe cha Plau, cha Itifaki, cha Gwakisa mgeni. Cha Marcelino akakiruka, akaanza tena kwa Plau.

"Dada Eva," alisema Marcelino. "Mimi je?"

"Bado inachemka."

"Si unammiminia Plau?"

"Ya Plau imeshachemka." Akaweka birika chini. "Jana teksi ya Noah imepanda mpaka kwa mama, kaka Marce. Noah! Imemshusha mlangoni na unga wake. Hakuvuliwa viatu, hakusukumwa."

"Mama alipandaje?"

"Kwa miguu yake. Noah unaingia tu kama unaingia jikoni. Ngazi ya nini?"

Masika yaliyopita mama huyo alipozidiwa na homa, ni Marcelino aliyemshusha Mtelezo. Landrova ilizama katikati ya kilima, na bibi alilala kwenye magunia mpaka kukapambazuka, ameshika bomba la turubai, akimwomba msamaha dereva kwa kumsumbua. Kumsumbua! Neno hilo lilikuwa halijamtoka Marcelino kichwani. Ukweli ni kwamba ni siku ile, akiwa amezama mpaka kiunoni akitafuta difu kwa mikono, ndipo alipoanza kuwaza habari ya ekseli za juu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" Gwakisa alishtuka.

"Kilima hakifumuliwi. Kiacheni kilivyo."

"Na ekseli nilizokutafutia? Nimezunguka Mbeya nzima!"

"Zitakaa hapo hapo zilipo. Nitakuwa nabebea watu wanaotaka kuona mbali."

Evarista alichukua kikombe cha Marcelino, akakijaza mpaka kahawa ikafurika kwenye vidole vyake, wala hakulalamika kwamba imemuunguza. Gwakisa alimwita Marcelino majina kadhaa ya Kinyakyusa ambayo hakuna aliyeyajua maana, ila yalieleweka kwa sauti yake. Itifaki akaanza kuandika kwa kamati, "Kwa masikitiko makubwa..."

"Kamwene!" ilisikika salamu ya Kihehe.

Mama mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa kijiwe, kitenge kimefungwa juu, buti za mpira miguuni. Buti zilikuwa za rangi gani, haikujulikana. Tope lilizifunika mpaka magotini, na juu ya tope bichi lilionekana tope lililokauka, na juu yake jingine bichi.

"Kamwene, mama, karibu."

"Ni nyie wenye mashindano ya tope?"

"Tulikuwa, mheshimiwa," alisema Itifaki.

"Mimi naitwa Severina. Mwenyekiti wa kitongoji cha Lyasika. Ni kule juu, ukishapita Mtelezo bado kupanda. Tumesikia mmeishiwa tope."

"Ni kweli, mama. Limetutoka ghafla."

"Kwetu lipo."

Akainua mguu mmoja, akauweka juu ya tairi tupu la Marcelino, watu waone. Gwakisa alichuchumaa. Akalichota tope kwa kidole, akalisugua, akalivuta likavutika kama asali.

"Hili," alisema kwa sauti ya kanisani. "Ndugu zangu. Hili ndilo tope."

"Hilo ni la njiani. La nyumbani ni zito zaidi."

Moyo wa Marcelino ulipiga kama injini iliyokubali baada ya kusukumwa. Akasimama. Akajipangusa suruali. Akafikiria shati.

"Mama Severina, tutakuja! Hata Jumamosi hii!"

"Karibuni. Hatuwatozi chochote, na chakula tutapika. Tuna sharti moja tu."

"Sema, mama."

"Mumwite mgeni rasmi."

Plau alianza kucheka taratibu, kicheko kikampanda mpaka kahawa ikamtoka puani. Gwakisa ndiye aliyejitahidi kumfafanulia, kwa upole, kama anayeongea na mtu asiyejua magari:

"Mama, ukimwita mgeni rasmi, greda litatangulia. Tope halitakuwepo."

"Najua, mwanangu," alisema Severina. "Ndiyo maana nimetembea."

Hakuna aliyecheka tena. Marcelino alimtazama, akazitazama buti, akaitazama Landrova iliyosimama juu ya miguu yake mipya, haina pa kwenda.

"Itifaki," alisema. "Barua ya mgeni rasmi inachukua muda gani kumfika?"

"Nikiiandika leo, kesho iko mezani kwake."

"Basi uiandike ukiwa Lyasika. Lazima kamati ikague uwanja kwanza, si ndiyo itifaki?"

"Ndiyo... ndiyo yenyewe hasa."

"Na Gwakisa, shusha kigari chako mgongoni mwa hilo lori mama yake. Tope ni la leo. Barua ikishaondoka, hakuna tena."

"Leo? Bila watu? Bila kikombe?"

"Mama Severina atatuangalia. Wa kwanza kufika kwake amempita mwenzake. Basi."

Gwakisa akarudisha kofia kichwani nyuma mbele, akamkimbilia dereva wa lori akipiga kelele minyororo ifunguliwe.

Ngazi iliegemezwa. Severina alipanda akiacha alama ya tope kwenye kila kipandio, Itifaki akamfuata akishika koti lisiguse.

"Ngazi!" Plau alimwita Marcelino aliyekuwa ameshashika usukani. "Mkienda hivi kijiji hadi kijiji, kila mahali mnaacha barabara nzuri. Vikiisha mtashindana wapi?"

"Tutarudi Mtelezo."

"Mtelezo si imeshashindiliwa?"

"Imeshindiliwa kwa ajili ya mgeni wa siku moja, Plau! Masika ya pili trekta linazama tena."

Injini ilinguruma, moshi ukawafunika, na magari mawili ya miguu mirefu yakaondoka kuelekea Kilolo, la Mbeya likitingishika kwenye lami kama alivyosema Gwakisa. Evarista alikusanya vikombe. Ndipo alipoiona: ngazi ya mbao, imelala kando ya gereji, imeachwa.

"Mungu wangu! Watashukaje huko?"

Plau alimalizia kahawa yake bila haraka.

"Kwa tope lile? Wataruka tu."