Muhuri wa Kamati ya Mazishi Juu ya Pua Yangu

Aibu niliyoipata leo mchana kule Bloomington nitaisema, msinikimbize. Kwanza niwaambie habari ya redio.

Nilikuwa kijana, nakata mkonge Muheza, nikashikwa na hamu ya redio. Kulikuwa na bwana mmoja ana duka karibu na stesheni, ana meno mazuri sana. Akaniwekea redio juu ya meza, ikaimba mpaka wapita njia wakasimama. Nikalipa. Nikaibeba begani mpaka kambini kama mtoto. Kuiwasha, kimya. Kuitikisa, ikagonga ko ko. Tukaifungua kwa kisu. Ndani mna kipande cha tofali kimeviringishwa gazeti ili kisichezecheze. Redio iliyokuwa ikiimba ilikuwa nyuma ya pazia. (Nilimrudia yule bwana. Nikakuta duka la mtu mwingine, anauza chumvi.)

Tangu hapo siamini kitu mpaka nione ndani. Mkate naupasua kwanza. Godoro alilonipa mwanangu Salma nilipofika huku Minnesota nililichana pembeni kidogo nikachungulia, akaninunia. Na kilicho changu nakiwekea alama. Sufuria yangu ina B. Koleo la theluji lina B. Bakari, ndiyo mimi.

Sasa Watanzania wa hapa walipoanzisha kamati ya kusafirisha maiti kwenda nyumbani, wakatafuta mtu wa kukaa na muhuri. Wasomi wamejaa tele. Mimi darasa niliacha mwalimu akiwa bado hajajua jina langu. Lakini wakasema, apewe Mzee Bakari, maana yeye haamini mtu. Nikaupokea. Nikautia kwenye soksi, soksi nikaizika kwenye unga wa sembe. Hapo hata Salma hapajui. (Sasa anapajua.)

Basi, pasipoti.

Pasipoti yangu imekwisha muda, na nyumbani kuna harusi. Hadija, binti wa marehemu kaka yangu Athumani, anaolewa baada ya Idi. Baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wake, wa kumwoza, ni mimi. Nisipokuwepo, anayefuata ni Salehe, mtoto wa baba yetu mdogo. Salehe huyu tangu nihamie Marekani hakuwahi kunitafuta. Posa ilipoletwa tu, ananipigia kila Ijumaa. "Kaka, magoti vipi? Usijisumbue na safari ndefu." Sijawahi kumwambia mtu kwamba naumwa magoti. Kajuaje?

Najua, sheria inaruhusu kuwakilishwa, na simu zipo. Lakini Athumani alinishika mkono akiwa kitandani hospitalini akasema, "Bakari, huyu utamwoza wewe." Hakusema kwa simu. Na mimi nikamwitikia.

Salma akashauri tutume karatasi kwa posta, Washington. Nikakataa. Bahasha ipite mikononi mwa watu nisiowajua hata mmoja? Tukasubiri watu wa ubalozi waje wenyewe. Wamekuja leo, ni leo tu, kwenye ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege.

Picha zao wanataka nyuma kuwe na buluu. Madukani hapa wanapiga na nyeupe. Kwa hiyo sisi wa Eagan tunakwenda kwa Njoroge, Mkenya, nesi, anakaa fleti ya chini yetu. Kamera yake ni ya hizi za kisasa zisizo na mkanda, na ametundika shuka la buluu mlangoni. Shuka lenyewe la hospitali. Nikaliona, nikajiuliza kalitoaje.

"Karibu mzee wangu," akasema. "Toa kofia ukae hapo."

"Kofia inakuhusu nini?"

"Ni lazima masikio yaonekane."

"Nakusikia vizuri. Ina maana yapo."

Salma akanivua kofia. Njoroge akapiga, akazitoa picha kwenye mashine, akazikata kwa mkasi. Nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamwuliza, "Na ile iliyobaki humo ndani?"

"Iko tu kwa kamera, mzee. Ukipoteza hizi nakuprintia zingine."

"Ifute."

"Ati?"

"Futa, nakutazama."

"Mzee wangu, sura yako nitaifanyia nini? Nitaipeleka deti?"

"Futa."

Akafuta. Nikamwambia anionyeshe kama imetoka kweli. Akanigeuzia kamera, nikaona mtoto mchanga analia. "Na huyu pia nifute," akaniuliza, "ama huyu unamwamini?" Salma alimwomba radhi mpaka mlangoni, kwa Kiingereza, ili nisielewe. Nilielewa.

Jana jioni Salma kaenda kazini Plymouth, kule anakotunza wazee wa Kizungu. Nikazitandaza karatasi zangu mezani. Fomu. Picha. Cheti cha kuzaliwa, chenyewe, siyo kopi. Nikazitazama zile picha nikaona haziko salama. Uso mtupu! Mtu akiziokota anazibandika kwenye fomu yake, anapanda ndege, anateremka Muheza akiwa mimi. Anamwoza Hadija. (Salma husema, nani atake kuwa wewe baba? Salma hamjui Salehe.)

Nyumbani tulikuwa tunafanyaje? Wale wa umri wangu mnajua. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, picha yako inabandikwa, mwenyekiti anaupulizia muhuri, anagonga. Nusu kwenye karatasi, nusu kwenye uso wako. Ukitoka pale na uso safi, umeonewa, rudi ukagongwe. Muhuri ndio unaosema huyu ni huyu.

Na muhuri ninao.

Nikaenda kwenye unga. Mtaniuliza, hukusoma kilichoandikwa? Nilikijua. Nimeugonga mwenyewe kwenye mambo ya watu, Mungu awarehemu. Lakini kwetu muhuri hausomwi. Unaangaliwa kama upo. Nikaupulizia, nikagonga picha zote, puani, maana pua ndiyo katikati. Wino wa zambarau ukatoka vizuri. Nikagonga fomu, kila ukurasa. Hapo nikawa nimenogewa. Nikagonga na cheti cha kuzaliwa, juu ya jina langu kabisa, pale ambapo mwizi angepataka. Nikafunga bahasha, nikagonga na mdomo wake.

Asubuhi Salma akataka kuikagua. Nikamwambia imeshafungwa. Mtu mzima hakaguliwi.

Ukumbi umejaa. Wa msikitini wapo, wa makanisani wapo, hata wale wanaokuja kwenye mambo ya pilau tu wapo. Njoroge naye kawekwa kona moja na shuka lake, kwa wale ambao picha zao zimekataliwa. Akaniona. "Mzee wangu, umekuja kunikagua?" Nikatazama dari.

Zamu yangu ikafika. Mezani kuna dada mmoja mpole, ana miwani. Kaniamkia vizuri, kaichana bahasha, katoa picha. Akaisogeza karibu na macho. Akaipeleka mbali. Akanitazama mimi, akaitazama.

"Mzee, mhusika yuko wapi?"

"Mhusika ni mimi."

"Huyu wa kwenye picha?"

"Kwani hatufanani?"

Akasoma polepole, kwa sauti, na ukumbi ule una mwangwi mbaya. "Kamati ya Mazishi, Minnesota. Imethibitishwa."

Watu wakageuka. Akainama kidogo, akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee wangu, hii ni ya kusafiri mwenyewe, au ya kusafirishwa?"

Nyuma yangu alikuwa Mama Neema, yule anayeimba kwaya. Akachungulia juu ya bega langu. "Jamani, nani tena?"

"Mzee Bakari," mtu akamjibu.

"Lini?"

"Sijui. Ila wameshathibitisha."

"Na Jumapili nimemwona kwenye basi."

Nikageuka. "Mama Neema, si mimi huyu?"

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana, baba." Mpaka sasa sijui alinipa pole ya nini.

Nikamweleza yule dada habari ya usalama, wezi wa majina, mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake. Alisikiliza vizuri, kalamu kaing'ata kwa meno. "Fomu nitakupa nyingine, na picha siyo tatizo," akasema. "Kuna fundi pale, akupige nyingine."

Njoroge alikuwa amesikia kila kitu. "Mzee, kama ile yako ingekuwa bado humu, singekuwa hata na haja ya kukupiga tena," akasema kutoka kule konani. "Lakini si ulinisimamia nikafuta?"

Wakacheka. Waislamu, Walutheri, Wakatoliki, wote kwa pamoja. Umoja ule kwenye mikutano yetu sijawahi kuuona. Nikaenda kwenye shuka. Kofia nikaivua mwenyewe, bila kuambiwa. Nikapigwa, nikaletewa picha zangu safi. (Sikusema afute.) Nikarudi mezani nikijua yamekwisha.

Yule dada alikuwa ameshika cheti cha kuzaliwa. Hakuwa anacheka tena.

"Mzee, hiki ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

"Jina halisomeki."

"Linasomeka. Kielekeze kwenye taa."

Akakielekeza kwenye taa, masikini, hakutaka kuniangusha. "Cheti cha serikali kikishagongwa muhuri mwingine juu ya jina, mimi sina ruhusa ya kukipokea. Itabidi upate kingine huko ulikozaliwa. Kuna ndugu anayeweza kukufuatilia?"

"Hakuna."

Salma, ambaye muda wote huo alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, ndipo akapata sauti. "Yupo baba mdogo Salehe."

Nikamtazama mwanangu. Nikawaza, huyu naye wamempa nini?

"Ngoja nimwulize mkubwa wangu kama kuna njia," dada akasema. "Kaa pale mzee, usiondoke."

Nikakaa. Kila nikihesabu mambo naona Salehe. Cheti nikipate, mpaka Salehe aende ofisini akakitafute, na Salehe huyu huyu ndiye atakayeoza kisipopatikana. Sasa atakitafuta kwa miguu gani? Nikiwa katika mawazo hayo akaingia kijana mmoja amechelewa, simjui. Akaona sura za watu, akaona yangu, akanyoosha mkono. "Poleni na msiba, mzee." Nikasema ahsante. Ningesemaje?

Ndipo nikasimama.

"Unakwenda wapi, baba?" Salma akaniuliza.

"Kupunga upepo."

"Nje kuna baridi."

"Ndiyo upepo wenyewe."

Nikatoka. Gari la Salma nikalipita. Nikaenda kwa miguu hadi kule kwenye mabasi, chini ya lile duka kubwa, nikasimama na vijana wamebeba mifuko. Simu ikalia, Salma. Ikalia tena, Salma. Nikaizima mlio. Sijui huyo mkubwa alijibu nini, na sikurudi kuuliza.

Basi la Eagan lilichelewa. Nikakwangua kadi ya simu niliyokuwa nayo mfukoni, nikampigia Salehe. Kule kulikuwa kumeshaingia usiku.

"Oza wewe," nikamwambia.

Kimya. Nikadhani kadi imekwisha.

"Kaka," akasema, "mbona ghafla? Kuna nini nyuma ya jambo hili?"

"Hakuna kitu."

"Unaniachia tu, hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ila siku hiyo weka simu karibu, nisikie ukimshika mkono bwana harusi."

Mtu huyu ameyataka haya tangu posa, leo anapewa, haamini. Anasema kwanza atafikiri, atanijibu Ijumaa.

Sasa nipo nyumbani, Salma bado hajarudi. Mkinikuta barabarani ninyi mlio huku, nisalimieni kama mtu aliye hai. Na kucheka mtacheka, najua, lakini kamati itafuteni mtu mwingine wa kukaa na muhuri. Asiwe Njoroge.