Ukucha Uliokanwa na Mwenyewe

Saa nne asubuhi, Jumanne, ukucha mmoja na vipande viwili vya mfupa vilikuwa vimelazwa juu ya pamba, kwenye meza ya kioo katika duka la samani. Aliyevileta, mjini walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kusomea chochote. Alikuwa ameviokota kwenye lundo la kokoto, akaamini ni vya mbuni, na papo hapo akamkumbuka mwenye duka: mtu aliyekuwa na kila kitu isipokuwa kitu kinachoitwa kwa jina lake.

"Mzee, huyu ni dinosaria mwindaji. Dunia haijamwona bado."

"Kwa vipande vitatu umejuaje?"

"Wenzangu wa ng'ambo hutumia kimoja. Mwenye mfupa ndiye mwenye jina. Mimi jina silitaki, nataka ile pikapu yako tu."

Mwenye duka alilitamka jina lake kimoyomoyo, akalitia mkia wa Kilatini. Likakaa vizuri. Lakini hakutajirika kwa kuamini watu, kwa hiyo alimwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtaalamu wa mifupa wa makumbusho.

Shemeji aliugeuza ukucha kwenye mwanga wa dirisha. Akaupima. Akaupima tena.

"Kaka, umevitoa wapi?"

"Pangoni, dada. Mbali sana."

"Pango lenye mashine ya kusaga kokoto? Vumbi lake hili hapa. Sema tu, ni mnyama gani?"

Daktari alitazama mlango. Mwenye duka alikuwa ameshauziba kwa tumbo.

"Mbuni," alisema. "Nisamehe, mzee. Ni mbuni."

"Shemeji, umesikia," mtaalamu alimwambia mwenye duka. "Kasema mwenyewe."

"Niite polisi?"

"Ili mji mzima ujue ulitaka mbuni aitwe jina lako? Nipeni mimi hivi vifupa, watoto wa shule wapate cha kushikashika."

Daktari alijua kwamba yeye mwenyewe anadanganya, kwa hiyo hakuwahi kuona sababu ya kuvichunguza. Alivifunga vizuri kwenye pamba kwa mikono yake, akamshukuru dada kwa huruma.

Mwaka uliofuata makumbusho yaliita waandishi wa habari. Mtaalamu alieleza, kwa tahadhari inayotakiwa, kwamba huenda huyu ni dinosaria mwindaji wa aina mpya: ukucha uliopinda kama mundu unaashiria hivyo, ila mabaki ni machache mno kwa mtu kuapa. Jina halikuwa na "huenda". Lilikuwa la mama yake mzazi. Mwenye duka alikaa safu ya mbele, ubavuni mwa mama mkwe.

Daktari alisimama safu ya nyuma. "Huo ukucha ni wangu."

"Wako ulikuwa wa mbuni," alijibu mtaalamu. "Si ulisema mbele ya shemeji?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mwenye duka. Mama mkwe naye akamgeukia, taratibu.

"Alisema mbuni," mwenye duka alithibitisha, akaanza kupiga makofi.